Leso ya Tatu Kutoka Mlangoni

Jumapili, mtaa wa Lucky Summer, Nairobi. Tangu asubuhi ni manyunyu tu, yale ya kulowesha nguo bila kujaza hata ndoo moja. Zangu ziko kwenye kamba huko juu ya paa na sina nguvu ya kupanda kuzitoa. Zikae huko.

Nimeamka na hasira. Si ile ya kutupa sahani. Ni ile ya kuketi kitandani ukitazama ukuta huku unawajibu watu ambao hawako. Mama nimemjibu mara saba hivi. Anko Musyimi nimemjibu mara nyingi zaidi, na kila mara nimemshinda. Taabu ni kwamba jana, walipokuwa mbele yangu wazima wazima, sikufungua mdomo.

Mimi, ambaye kazi yangu ni mdomo.

Kama umeingia hapa leo kwa mara ya kwanza, naitwa Mwikali. Nina miaka ishirini na sita, ni mwanamke transjenda, kifungua mimba wa nyumba moja huko Umoja. Nilipozaliwa walisema ni mvulana, wakanipa jina ambalo silitaji hapa hata nikiwa na hasira namna hii. Mwaka wa tatu sasa niko na kikundi chetu kidogo, ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya kinyozi, na kazi yangu kubwa ni kusindikiza watu. Mtu akishikwa kwa sababu kitambulisho kinasema hivi na uso unasema vile, naenda naye kituoni. Akiogopa kliniki, naketi naye kwenye foleni. Mwenye ploti akimtupia godoro nje, mimi ndiye napiga simu. Nimebishana na wakuu wa vituo, jameni. Nimebishana na chifu mpaka akaniletea kiti.

Alhamisi tulikuwa na mafunzo ya polisi, kwenye ukumbi wa kanisa moja hapa Eastlands. Unajua yalivyo: chai, mandazi, karatasi kubwa ukutani, kalamu za rangi ambazo nusu zimekauka. Nilisimama mbele nikawaambia jina la mtu ni lake, na ukimwita kwa jina alilolikataa umemvua nguo mbele za watu. Wakapiga makofi. Halafu afande mmoja, mzee mwenye macho ya upole, akainua mkono na kuuliza, "Madam, na nyumbani kwenu wanakuitaje?"

Nikacheka kidogo. Nikasema swali zuri sana, tutalirudia baada ya chai. Hatukulirudia, nilihakikisha.

Jioni ile ile Mama akapiga simu.

Jumamosi ilikuwa siku ya mdogo wangu, Ndanu. Watu wa mchumba wake Wekesa, kijana anayetengeneza friji kule mtaa wa Fedha, walikuwa wanaleta mbuzi. Kwetu Ukambani mambo ni hivi: unaweza kukaa na mwanamume miaka kumi, mkazaa mapacha, mkafanya harusi ya kanisa na keki ya ghorofa tano, lakini kabla wale mbuzi watatu hawajafika, wewe bado ni wa kwenu. Ukifa, unazikwa kwenu. Kwa hivyo si sherehe ya mchezo. Na Baba alifariki miaka minne iliyopita, kwa hivyo Anko, kaka yake mkubwa, ndiye mwenye usemi, na Anko alikuwa ameamua kwamba kamba ya mbuzi itapokelewa na kijana wa nyumba.

Kijana wa nyumba ati ni mimi.

Mama alinieleza kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi aliyopewa. Nije na koti na tai. Nywele nitoe. Niketi na wanaume. Nishike kamba, niseme asante, wageni wale chakula, waende. Kisha sauti ikawa yake mwenyewe, akasema, "Nisaidie tu siku moja. Wasije wakasema kwa marehemu hakuna mtu. Jumatatu utarudi kwa mambo yako."

Nikasema, "Sawa, Mama."

Sikuuliza hata swali moja. Nimeandika hapa mara ngapi kwamba mtu asikubali? Nimewaandikia nyinyi mambo marefu kuhusu mipaka, kuhusu kutojipunguza ili wengine watoshee. Mkanipongeza. Basi huyo mliyekuwa mkimpongeza alikata simu Alhamisi jioni akaanza kutafuta chanuo.

Kufumua nywele kulinichukua mchana wote wa Ijumaa. Zilikuwa bado mpya, wiki mbili tu. Kila rasta niliyoitoa niliipanga sakafuni, sijui kwa nini. Nilipomaliza nilijitazama kwenye kioo na nikaona mtu wa kidato cha tatu aliyekuwa anajificha chooni wakati wa michezo. Nililia, sikatai. Kisha nikapiga pasi shati.

Jana saa mbili na nusu nilikuwa Umoja. Nyumba yetu mnaijua wale ambao mmewahi kufika: Baba aliiongeza mbele na nyuma mpaka ikala kijia chote, na mahali palipobaki ndipo hema lilikuwa limewekwa, nusu kwetu, nusu mbele ya lango la Mama Kioko. Nilikuwa nimevaa koti la Baba mwenyewe, lile la bluu alilonunua alipopandishwa cheo akawa anamwendesha mkubwa fulani wa serikali. Mama alitoka jikoni na mikono ya unga akanitazama. Alinyoosha tai yangu kwa kiwiko ili asiichafue. Akasema, "Umefanana na baba yako," na macho yakamjaa.

Najua hiyo ndiyo zawadi kubwa aliyokuwa nayo. Na ilinichoma kama kofi. Nifanye nini na mambo mawili ya namna hiyo kwa wakati mmoja? Nilimwambia asante, nikaenda kupanga viti.

Wanawake wa kanisa walipita mmoja mmoja wakinisalimia. Kijana wetu. Kijana, umepotea. Kijana, lini utatuletea na wewe? Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Anko alinipiga bega mara mbili kama mtu anayejaribu mlango kama umefungwa vizuri. Wageni walikuwa wamekwama kwenye foleni ya magari barabara ya Outer Ring, wakachelewa kama saa mbili nzima, na hilo ndilo lililoleta kila kitu. Wangefika mapema wangenikuta mlangoni na tai yangu, wakanishika mkono, hadithi ikaishia hapo.

Badala yake Ndanu aliniita chumbani.

Alikuwa ameketi kitandani, uso nusu umepakwa poda, marafiki zake watatu wamebanana kwenye dirisha. Alinitazama kuanzia viatu hadi tai.

"Aki vua hiyo koti," akasema. "Unakaa pasta wa mazishi."

Nikamwambia Anko amesema.

"Kwani Anko ndiye anaolewa?"

Sasa lazima nieleze kitu. Siku hizi, mbuzi wakiletwa, bibi harusi haletwi hivi hivi. Wasichana kadhaa wanafunikwa leso kutoka kichwani hadi chini, wanaletwa mbele wakiwa wameinama ili urefu usijulikane, soksi miguuni ili miguu isijulikane, na bwana anatakiwa amtambue wake. Akikosea anapigwa faini. Sidhani ni desturi yetu ya asili, nafikiri tuliiazima kwa majirani zetu, lakini jaribu kufanya sherehe bila hiyo uone watu watakavyonuna. Ndanu alikuwa amepanga wasichana watano, yeye akiwa mmoja wao. Na asubuhi hiyo mmoja alikuwa ameamka na tumbo la kuendesha.

"Niko na kitenge imebaki na niko na leso imebaki," Ndanu akasema. "Na mimi sitaki kutokezea hapo na marafiki wa chuo pekee. Nataka dada yangu akuwe kwa laini."

Alisema hivyo, dada yangu, mbele ya watu watatu, akiwa anatafuta kope yake ya bandia kwenye shuka. Kwake ni neno la kawaida. Amelisema tangu ana miaka kumi na sita na hajawahi kulitafutia sherehe. Nikamuuliza na kamba ya mbuzi je? Akasema Anko ana mikono miwili.

Nikamuuliza na Mama je?

"Utakuwa umefunikwa. Nani ataona?"

Na mimi nikaamini, mjinga mimi, kwa sababu nilitaka kuamini. Niliivua tai ile haraka kuliko ninavyoweza kueleza. Kitenge kilikataa kufunga mgongoni, mabega yangu haya, wakakishika kwa pini nne. Rafiki mmoja alinifunga kitambaa kichwani, mwingine akanipaka mdomo. Nje nilimsikia Anko akiuliza kijana yuko wapi, mtu akamwambia labda ametumwa soda. Kisha vigelegele vikapigwa langoni, wageni wamefika, na leso ikanishukia.

Nilikuwa wa tatu kutoka mlangoni.

Nataka kuandika hapa vile ilivyokuwa chini ya leso ile, maana sijawahi kuwa na furaha ya namna hiyo nyumbani kwetu. Giza la rangi ya machungwa, harufu ya nguo mpya, wanawake wanaimba kwa Kikamba pande zote, na mkono wa msichana wa mbele yangu ukinivuta taratibu. Tulipita mlango wa sebuleni ambao nimepita maisha yangu yote. Nilipiga hatua kama wao, nikaringa kama wao, na Mama alikuwa hapo akipiga vigelegele, nilimsikia, vya kwake navijua. Alikuwa anatupigia sote watano. Hakujua, lakini alikuwa ananipigia na mimi.

Tukasimama. Nikaanza kutetemeka.

Wekesa alipita akitukagua, watu wake wakimpigia kelele za ushauri. Baadaye aliniambia rafiki zake walikuwa wamemfundisha: usiangalie kimo, usiangalie kiuno, tafuta anayetetemeka, bibi halisi hutetemeka. Na kwenye ule mstari aliyekuwa anatetemeka ni mtu mmoja. Ndanu yeye alikuwa ametulia tuli, kwa nini atetemeke na anajua anachotaka?

Akafunua.

Kwa sekunde moja nilimwona akifurahi. Wekesa ananijua, nimekula chapati zake mara nyingi. Alifungua mdomo aniite jina langu, halafu akamwona Mama, na jina likarudi kooni. Upande wa wageni walilipuka kwa kicheko. Faini! Faini! Amekosa!

Upande wetu hakuna aliyecheka. Wanawake wa kanisa, wanaume waliokuwa wamenishika mkono asubuhi, Mama Kioko na soda yake, wote walininyamazia kwa pamoja.

Wageni hawakugutuka. Hawakuwa wamewahi kuniona. Akainuka shangazi yake Wekesa, wanamwita Senge, mama wa miraba minne mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alikuja na leso mpya mkononi, nyekundu na nyeusi, maana ndiyo faini waliyokuwa wameandaa: ukimfunua asiyekuwa bibi, unamfunika upya na kumwomba radhi. Alinishika kidevu. Mkono wake ulikuwa na joto.

"Huyu naye ni mzuri," akasema, na hema likacheka tena, "lakini siye aliyetutoa nyumbani. Faini tunatoa. Lakini kwetu hatumfuniki mtu tusiyemjua. Tuambieni kwanza, huyu ni nani wa bibi?"

Anko alikuwa na maiki. Nilimwona akiitazama kana kwamba imepata moto. Kisha akasema mambo ya wasichana aulizwe mama yao, akamsukumia Mama. Mzee wa busara huyo! Kwa mikutano yote anayoongoza, hilo ndilo lililomshinda.

Mama alishika maiki kwa mikono miwili kama anavyoishika kanisani. Akanitazama. Si kwa kupitisha macho, alinitazama kweli: kitambaa cha kichwani, rangi ya mdomo, kitenge kilichoshikwa na pini, soksi nyeupe, kisha akarudi usoni akabaki hapo. Hajawahi kunitazama hivyo tangu nilipomwambia mimi ni nani. Miaka yote hii amekuwa akizungumza na bega langu. Nilifikiri, sasa. Nilifikiri Mungu wangu, sasa ndiyo sasa.

"Huyo," Mama akasema, "ni msichana wa jirani."

Msichana.

Wa jirani.

Sijui kama mnanielewa. Neno la kwanza nimelisubiri maisha yangu yote kutoka kwenye kinywa kile. Nimeliota. Na lilikuja mbele ya watu, kwenye maiki, kwa sauti isiyotetemeka, likiwa limeshikana mkono na lile la pili. Ni kama mtu akupakulie chakula ulichokililia, kisha akuambie nenda ukalie kwenu.

Na jirani mwenyewe alikuwa hapo hapo! Mama Kioko, aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, ana wavulana wanne na hajawahi kuzaa msichana hata wa dawa. Alitazama viatu vyake. Watu zaidi ya hamsini wa upande wetu waliubeba uongo ule pamoja, kwa adabu, kama jeneza. Wekesa naye alitazama chini, na simlaumu, mkwe hamkosoi mama mkwe, tena siku ya mbuzi.

Mimi je?

Senge alinifunika leso, akanikumbatia, vigelegele vikapigwa. Nilikuwa na sekunde kama kumi hivi na maiki ilikuwa hatua mbili kutoka mkononi mwangu. Nimetoa watu kwenye seli kwa maneno. Nilisema, "Asante, Senge." Nikarudi kwenye mstari.

Mengine yalienda kama yanavyoenda. Mara ya pili Wekesa alipata. Anko akatangaza kwamba kijana wa nyumba angepokea mbuzi lakini ameitwa kazini ghafla, na upande wetu wakaitikia "Sawa," wote, kama watoto wa shule. Akashika kamba mwenyewe. Mbuzi mmoja akamkanyaga kiatu kilichong'arishwa, na hiyo ndiyo furaha pekee niliyoipata saa ile.

Kisha Ndanu akaulizwa mbele ya wazee lile swali la kawaida: hawa watu unawajua? Tuwapokee? Huulizwa mara tatu. Mara ya kwanza alijibu anawajua. Mara ya pili alinyamaza. Akageuka akanitafuta, maiki mdomoni, na nikaona kwenye taya lake kwamba anataka kusema. Ndanu ni hivyo. Akianza hawezi kurudishwa.

Nikatikisa kichwa. Kidogo tu, kumwambia usiseme.

Alinitazama muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akasema, "Nawajua. Wapokeeni."

Nilidhani nimefanya jambo la heshima. Nilidhani nimemlindia dada yangu siku yake. Wageni walipokuwa wanakula nilimfuata chumbani nikitarajia anikumbatie. Alikuwa anavua bangili, anazitupa kitandani moja moja.

"Unafikiri nilikosa msichana wa kufunika?" akaniambia. "Ploti hii yote imejaa wasichana. Nilijua lazima leso zote zifunuliwe mwishowe, na lazima kila mtu aulizwe ni nani. Nilitaka Mama aulizwe mbele ya watu."

Nikamwambia basi ameulizwa, na amejibu.

"Alijibu. Na wewe ukanyamaza. Na mimi nikitaka kusema ukanizima. Si wewe ndio unatetea watu?"

Nikasema ilikuwa siku yake, sikutaka kuiharibu.

"Usinibebeshe uoga wako," Ndanu akasema. Hakupiga kelele. Kisha akaniomba nimfungue zipu kwa sababu ilikuwa imekwama, nikamfungua, na hatukusema lingine.

Niliondoka na kitenge kile kile, koti la Baba juu yake, leso ya Senge mkononi. Hakuna aliyenizuia wala kuniaga.

Kwa hivyo hasira yangu leo inazunguka haijui ikae wapi. Kwa Mama? Ndiyo. Kwa Anko? Sana. Lakini kila nikifika mwisho wa kumjibu Anko najikuta niko mbele ya maiki ile, mikono imelala, nasema asante. Na kesho natakiwa niandike ripoti ya mafunzo ya polisi. Kuna sehemu imeandikwa "hadithi ya mafanikio". Nimeifungua kompyuta mara mbili nikaifunga.

Nimeachia hapo kidogo, simu imelia.

Ni Mama. Ametoka kanisani, nimesikia watu nyuma yake wakiagana. Hakunisalimia. Amesema kuna shida. Nikafikiri Ndanu, nikafikiri presha ya Mama mwenyewe. Hapana. Senge amempigia asubuhi, mapema kabisa kabla ya ibada, kumshukuru kwa chakula. Na baada ya shukrani akauliza kuhusu yule msichana wa jirani.

Senge ana mtoto wa dada yake. Kijana mtulivu, mwalimu, hanywi. Amenipenda tabia, ati. Ati siku hizi wasichana ukiwafunika leso hawasemi hata asante, lakini yule alisema, tena akamwita Senge. Angependa kujua wazazi wake ni kina nani, ili waje kubisha hodi kwa utaratibu.

Nilicheka. Nilishindwa kujizuia, nilicheka mpaka nikakaa chini. Na upande ule nikasikia Mama pia, pumzi fupi kupitia puani, ile anayoifanya akikataa kucheka. Kwa muda mfupi tulikuwa Mama na mimi, tunacheka kitu kimoja. Sikumbuki mara ya mwisho.

Kisha akasema, "Sasa nimwambie nini?"

Nikasema mwambie ukweli. Akasema hawezi, mbuzi wamefika jana tu, hata kamba haijakauka. Akatafuta njia kwa sauti, akaanza hili akaliacha, akaanza lile akaliacha. Mwishowe akasema, kama mtu aliyepata funguo, "Nitamwambia umeshaolewa."

Yaani kwa siku mbili Mama amenifanya msichana, amenifanya wa jirani, na sasa amenioza. Kila kitu isipokuwa kile kimoja. Kicheko kilinikauka. Na hapo, kwenye simu, nimekaa sakafuni, hakuna hema wala wageni wala Anko, nikasema nilichopaswa kusema jana.

"Mama, mimi sijaolewa na mimi si wa jirani. Mimi ni Mwikali. Mimi ni mtoto wako msichana."

Niliwasikia watu wa kanisa wakipita, mtu akamwita, hakuitika.

"Najua," Mama akasema.

Akakata simu.

Nimekaa na neno hilo tangu saa saba, mvua imeisha na nguo bado ziko juu. Najua. Hakusema nani amekwambia, hakusema usiniletee hayo, hakulitaja lile jina. Anajua. Alijua jana akiwa ameshika maiki. Mama Kioko anajua, Anko anajua, wale wote walioitikia sawa wanajua vizuri sana. Na miaka mitatu mimi nimezunguka Eastlands na kalamu za rangi, nasimama mbele za watu na kuanza kila mafunzo kwa maneno yale yale, kwamba tatizo letu ni watu hawajaelimishwa, kwamba wakijua watabadilika.

Sasa mtu ambaye tayari anajua, unamfundisha nini?